Nanung'unika, Bwana Asifiwe

Daladala za jiji hili zina imani kuliko abiria wake. Juzi nimepanda moja imeandikwa kioo cha nyuma "Mungu Hachelewi". Tulikaa kituoni tukingoja ijae mpaka mama wa kiti cha mbele akamaliza kumenya njegere za chakula cha jioni. Konda akiulizwa tunaondoka lini, anajibu "sasa hivi, mzee wangu", ile sasa hivi ya makonda ambayo hata nabii Danieli, pamoja na hesabu zake zote za majuma sabini, asingejua inaangukia lini. Sisi tunatoka jasho, ikatupita nyingine, "Damu ya Yesu", imekata kona kwa mwendo uliotufanya wote tuelewe kwa nini mwenye gari aliwaza damu. Nyuma yake bodaboda, koti limeandikwa "Sala za Mama", kapakia abiria wawili na godoro, kofia ngumu kaivisha kiwiko. Sala za mama zinatosha.

Na maandishi sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na Wakristo wanaoongea kama vioo vya nyuma vya daladala. Unamwambia mwenzako maji hayajatoka tangu wiki iliyopita, anakujibu "Mungu ni mwema". Unamwambia goti linauma, "Ipo siku". Unamwambia kijana wako kamaliza chuo na yuko nyumbani anaangalia ukuta, anakushika bega, anatabasamu mpaka magego yanaonekana: "Kila jambo lina kusudi, mpendwa." Mpendwa! Mtu akishaniita mpendwa nashika mfuko wa shati, maana kinachofuata ni bahasha.

Mimi ni Mlutheri wa kuzaliwa. Nilibatizwa kabla ya kuota meno, na kipaimara nilikipata kwa jasho, Katekisimu yote kichwani. Ni mlalamishi wa kuzaliwa vilevile. Marehemu mama alikuwa akisema nilianza kulalamika palepale kwenye birika la ubatizo, na kwa kweli maji yale yalikuwa ya baridi. Maisha yangu yote nimeambiwa mambo haya mawili hayakai nyumba moja, kwamba mwenye imani hanung'uniki. Naomba kukata rufaa.

Hoja yangu ni kwamba aliyekata tamaa halalamiki. Angalia mtaani kwetu. Walioacha kupiga simu kuulizia maji ni wale waliokwisha kuchimba visima. Hao hawana neno tena na bomba, wala hawalitazami. Sisi tunaopiga, tunaopokewa na muziki, tunaokatiwa na kupiga tena, ndio tunaoamini kwamba upande wa pili kuna mtu na kwamba siku moja atapokea. Ukimsikia mtu analalamika, jua bado anategemea kitu. Suala ni anayapeleka wapi malalamiko yake.

Wachungaji wakitaka kutukemea hukimbilia kitabu cha Hesabu, sura ya 11. Wana wa Israeli wametolewa Misri, mana inadondoka bure kila asubuhi, na bado wanalia. Wanalilia samaki, matango, matikiti, mboga, vitunguu na vitunguu saumu. Watu waliofyatua matofali chini ya viboko leo wanaikumbuka kachumbari! Kanisa zima linacheka. Mimi sicheki, kwa sababu nilisoma shule ya bweni, na najua chakula kimoja asubuhi, mchana na jioni kinavyoweza kumrudisha mtu Misri.

Lakini sura ile huwa inakatizwa katikati. Ukiendelea kusoma, Musa naye anapasuka. Anamuuliza Mungu kama ni yeye aliyewachukulia mimba watu wote hawa hata awabebe kifuani, na anamaliza kwa kusema kama mambo yenyewe ndiyo haya, bora auawe yaishe. Ukiyaweka kwenye mizani, maneno ya Musa ni mazito kuliko ya vitunguu. Sasa tazama hukumu. Waliolilia nyama walipewa kware, waliahidiwa itawatokea puani, na pigo likafuata. Musa akapewa wazee sabini wa kumsaidia mzigo. Kwa hesabu zangu hiyo ndiyo kamati ya kwanza ya wazee wa kanisa, na ilizaliwa na manung'uniko. Wale walilia kila mtu mlangoni pa hema lake, wakitamani kurudi utumwani. Musa alikwenda moja kwa moja kwa mwenye mali.

Nimeyafanyia kazi haya, maana mstaafu ana muda. Eliya alikaa chini ya mretemu akaomba kufa. Hakutumiwa semina. Alitumiwa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akala, akalala, akaamshwa akala tena. Nilimwonyesha mke wangu andiko hilo. Akasema jikoni kuna kiporo. Na Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, hakuna hata mstari mmoja mwishoni wa kumpoza msikilizaji, na juu yake imeandikwa kwamba ni ya kuimbwa, akakabidhiwa mkuu wa waimbaji. Nilimpelekea mwalimu wa kwaya yetu wazo hilo. Akaniuliza wataichezaje.

Jumuiya yetu inakutana Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, saa ambayo hata jogoo bado wanashauriana. Tunazunguka nyumba kwa nyumba. Ukiwa mwenyeji unaazima viti, unachemsha chai na viazi, unamfunga mbwa, kisha unajifanya umeamka na furaha. Kuna ndugu mmoja, mwalimu mstaafu, akiombwa kufungua kwa sala anaanzia kwenye uumbaji. Anapita gharika, anavuka Bahari ya Shamu, anaangusha kuta za Yeriko, na akifika uhamisho wa Babeli viazi vimeshapoa. Kutwa nzima Mungu anasimuliwa mambo aliyoyafanya mwenyewe.

Halafu yuko Bibi. Ana bustani ya mchicha nyuma ya nyumba na wajukuu anaowalea tangu mama yao afariki. Bibi hafumbi macho akiomba. Anatazama dari ya mwenyeji, na sauti anayotumia ni ya mtu anayeongea na fundi aliyekwisha kuchukua kianzio.

"Baba. Habari ya paa nilikwambia. Mvua hizi hapa zinaanza na bati ni lilelile. Sitaki kurudia. Halafu huyu mjukuu wako mkubwa anakohoa tena usiku, najua unamsikia, maana mimi namsikia na masikio yangu mabovu. Mchicha umeota vizuri, kwa hilo asante. Ila paa. Amina."

Mara ya kwanza kumsikia niliinua kichwa nione kama wenzangu nao wamesikia. Mwanamke ananung'unika waziwazi, kwa ufasaha, na watu wazima wanaitikia amina! Nilitaka kusimama nimpe mkono.

Na paa, mtauliza. Jumuiya ilichanga, mabati yakapatikana ya upande mmoja. Upande wa pili bado ni ndoo na sufuria. Jumamosi iliyofuata Bibi akashukuru kwa upande mmoja na kulalamikia wa pili, kwenye sala hiyohiyo, bila kuvuta pumzi katikati. Sijawahi kusikia mahubiri ya matumaini yaliyonyooka namna ile, na nimesikia mengi, mengine kwa spika ya jirani saa nane za usiku nikiwa kitandani, ambapo sikuwa nimeyaomba.

Mchicha wake nao una historia. Ibada yetu ina sehemu tatu: Neno, matangazo na mnada. Matangazo hayo ni ndoa zinazotangazwa mara ya pili, mara ya mwisho, semina ya akina mama, na gari dogo jeusi lililoziba njia, ambalo mwenyewe hasimami kwa aibu. Baada ya hapo tunatoka nje chini ya mwembe, na mzee wa kanisa ambaye ndani alikuwa amesinzia anageuka kuwa simba. Siku moja mezani kulikuwa na kuku mmoja aliyefungwa miguu, trei ya mayai, mkungu wa ndizi na fungu la mchicha la Bibi, ambalo sokoni ni shilingi mia tano.

"Elfu mbili kule nyuma! Elfu tatu kwa dada wa kitenge! Elfu nne, baba mwenye tai! Mara ya kwanza, mara ya pili..." Baba mwenye tai akanunua, akasema anamtunuku mama mchungaji. Makofi. Mama mchungaji akashukuru, akasema anaurudisha mezani kwa ajili ya jengo. Makofi zaidi. Ukauzwa tena, wakatunukiwa kwaya, kwaya wakauimbia pambio, wakaurudisha. Mchicha ukapita mikononi mwa nusu ya usharika, jua linawaka, majani yanalala. Mimi nimekaa kimya nikimfikiria kuku. Ndipo mnadi akasema kwenye kipaza sauti: "Mzee wetu pale hajasema neno tangu asubuhi." Watu wote wakageuka, wakiwemo watoto. Nikasema elfu nane, kwa hasira. Hakuna aliyepanda juu yake. Hawa hawa waliokuwa wanashindana dakika mbili nyuma!

Wakati naondoka na majani yangu, Bibi akanifuata. Nikajua anakuja kunibariki. "Baba, usiuchemshe sana," akasema, "na magadi usiweke. Halafu hao wanakwaya wako waambie mboga haishikwi juani namna ile." Nyumbani mke wangu akauliza bei. Nikamwambia ni ya kiroho.

Kwaya hiyo ndiyo iliyonipeleka Unguja, nikiwa mlezi, cheo ambacho maana yake ni kulinda mabegi. Tukaingia kanisa la Anglikana la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, na mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Aliyesimamia ujenzi ni Askofu Edward Steere, yuleyule aliyehangaika na kamusi, sarufi na tafsiri ya Biblia ya Kiswahili. Karibu na mlango kuna nguzo, na kila anayetembeza wageni husimulia kwamba mafundi walizisimamisha kichwa chini askofu akiwa hayupo. Zikaachwa hivyohivyo. Niliwaita wanakwaya wote waje kuzitazama. Mimi nimegombana na fundi aliyeniwekea mlango wa choo unaofungukia ukutani, na hapa kuna nguzo zimesimama kwa kichwa miaka zaidi ya mia moja, na paa haliulizi.

Mbele, karibu na madhabahu, kuna duara la marumaru nyeupe sakafuni. Wenyeji wanasema ndipo uliposimama mti waliofungwa watu wakichapwa. Hapo sikuita mtu. Utani nilionao kuhusu maji na daladala ulikosa pa kukaa. Nilikuwa nikimfikiria Cecil Majaliwa, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasoma shule ya wamisionari hapo kisiwani, na mwaka 1890 akawekewa mikono ya upadri, Mwafrika wa kwanza kuupata katika misheni ile. Mtu ambaye bei yake ingeweza kutajwa sokoni anasimama anasoma Zaburi kwa Kiswahili, na katika Zaburi zimo zile zinazomuuliza Mungu amelala au vipi. Sidhani alizisoma haraka haraka. Nilibaki nimesimama mpaka mwimba besi wetu alipokuja kuniuliza begi lake nimeliacha wapi.

Sasa nije kwenye faili.

Nilikuwa mtunza stoo. Nimestaafu, na mafao yangu yana kipande kisichoonekana, michango ya miaka ya katikati, ambayo mimi nilikatwa na karatasi za mshahara ninazo, ila faili halipo. Ofisi yenyewe siitaji. Ina mabenchi, ina feni inayozunguka kwa kufikiri, ina sanduku la maoni la mbao lenye kufuli iliyoshika kutu, ambalo juu yake walinzi wanaweka vikombe vya chai. Mimi langu ni dirisha la tatu, anakohudumia binti mmoja mwenye kucha ndefu kiasi kwamba kompyuta anaibonyeza kwa nyama ya vidole.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Lile faili?"

"Masjala wanasema bado halijaonekana. Njoo Jumatatu."

Jumatatu mtandao unasumbua. Alhamisi mwenye ufunguo wa masjala yuko msibani. Nilijaribu njia ya yule mjane wa Luka 18, aliyemwendea hakimu asiyemcha Mungu mpaka hakimu akachoka akampa haki yake. Mfano mzuri, tatizo binti wa dirisha la tatu hachoki. Ninayechoka ni mimi, na nauli.

Basi Jumamosi moja walipouliza mahitaji ya maombi, nikataja faili. Nilitegemea yule mwalimu alichukue, alipitishe Misri, lipotelee huko. Akalichukua Bibi. Na Bibi haombei kitu asichokijua. Akanihoji mbele ya watu: dirisha la ngapi, nani anahudumia, wa umri gani, ana mume, anakaa wapi. Nikasema najua kucha tu.

"Baba," akaanza, macho darini, "lile faili la huyu baba liko humo humo kwenye makabati yao, unaliona. Mwonyeshe yule binti wa kucha. Naye mwenyewe, sijui kaamka saa ngapi, sijui kapanda daladala ngapi, kutwa anagombezwa na wazee. Mshike mkono. Amina."

Nikaitikia amina kwa nusu mdomo. Nilikwenda pale kushtaki, na mshtakiwa ndiye anayeombewa nguvu. Ikawa kila Jumamosi. Na kila baada ya ibada Bibi ananiuliza, "Umemuuliza mama yake hajambo?" Najibu, Bibi, pale ni ofisini, nyuma yangu kuna foleni. "Kwani swali linachukua muda gani?"

Mtu mzima akisumbuliwa hivyo hatimaye huuliza. Nilifika dirishani, nikasalimiwa, nikaambiwa bado, nikakohoa. "Mwanangu, mama hajambo?" Zile kucha zikasimama juu ya kompyuta. Akanitazama kwa mara ya kwanza, nadhani, maana siku zote alikuwa akitazama kitambulisho. "Yupo Tukuyu, mzee. Presha inamsumbua." Nyuma yangu jamaa mmoja akasema kwa sauti kwamba wengine tuna kazi za kufanya.

Nikampelekea Bibi presha ya Tukuyu. Toka hapo jumuiya nzima inaulizia mama wa Tukuyu kabla ya kuulizia mafao yangu. Mwalimu kamwingiza kati ya Sara na Hana. Na mimi wamenivuruga kabisa. Nilikuwa na ugomvi mzuri, umekomaa, nimeshauandalia maneno, nitayasema siku ya siku mbele ya mkubwa wake na watu wote wa mabenchi. Sasa nikifika pale hasira inapanda mpaka shingoni, halafu namwona anameza panadol kwa maji ya chupa ya jana, na ninachosema ni "umekula, mwanangu?" Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba sala inaweza kumnyang'anya mtu adui aliyemlea mwenyewe. Kwenye mabango ya mikutano ya injili wanaandika viwete watatembea. Hili hawaandiki.

Wiki iliyopita akanipungia mkono kabla sijafika dirishani. "Mzee! Faili limeonekana!" Nikashika kizingiti. Akalitoa chini ya meza, kijivu, jina langu juu kwa mwandiko wa mtu ambaye huenda alishastaafu naye. Akalifungua kunionyesha. Ndani hakuna kitu.

"Ni jalada tu, mzee. Za ndani bado wanatafuta. Njoo Alhamisi."

Nikamuulizia mama yake. Akasema presha imeshuka kidogo.

Jumamosi nikatoa taarifa yote kama ilivyo. Mwalimu akaguna. Mke wangu akatazama chini, mabega yakimtikisika. Bibi akainua macho kwenye dari ya mwenyeji, akakaa kidogo kama anatafuta pale alipoishia wiki iliyopita.

"Baba," akasema, "jalada tumeliona, asante. Sasa karatasi."